Altounyan: Daktari aliyejigeuza maabara kutafuta dawa ya pumu

MWENYE pumu anayeishi ufuoni mwa Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay, ambako samaki hukaushwa kwa moshi wa kuni, au karibu na migodi ya dhahabu ya Nyatike, Kaunti ya Migori, ambako mawe husagwa na kutimua vumbi, anaijua thamani ya kifaa kidogo cha kuvutia dawa. Ni wachache, hata hivyo, wanaolijua jina la Dkt Roger Altounyan, aliyeiendeleza tiba hiyo kwa kukihatarisha kifua chake mwenyewe.

Altounyan alizaliwa mwaka wa 1922 katika ukoo wa matabibu wenye asili ya Kiarmenia. Babu yake ndiye aliyeanzisha hospitali ya familia mjini Aleppo, Syria, na baba yake pia alikuwa daktari. Utotoni, familia hiyo ilipozuru Uingereza, ilifahamiana na mwandishi Arthur Ransome, ambaye alilitumia jina la Roger kwa mhusika mmoja wa riwaya yake, Swallows and Amazons, iliyochapishwa 1930.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa rubani na mkufunzi katika jeshi la wanahewa la Uingereza. Baada ya vita alisomea udaktari, akarejea Aleppo kutibu wagonjwa. Mwaka wa 1956 alihamia Uingereza na kuajiriwa na kampuni ya kutengeneza dawa.

Yeye mwenyewe aliugua pumu. Wanakemia wenzake walikuwa wakichunguza kemikali zilizotokana na khellin, inayopatikana katika mmea ambao wakazi wa mashariki mwa Bahari ya Mediterania waliutumia kama dawa tangu kale. Altounyan alivuta maji yenye chembechembe za manyoya na ngozi ya simbilisi, wanyama wadogo wa maabara, hadi akabanwa na kifua. Siku nyingine alivuta kwanza kemikali mpya, kisha akarudia jaribio lile lile ili aone kama angesalimika.

Mateso hayo aliyavumilia kwa miaka kadhaa, katika mamia ya majaribio, ijapokuwa wakuu wa kampuni hawakuwa na imani kubwa na kazi yake. Mnamo 1965, juhudi zao zilizaa sodiamu kromoglaiketi.

Hapo likazuka tatizo jipya. Dawa hiyo ilikuwa poda, na kipimo kilichohitajika kilikuwa kikubwa mno kwa vikopo vya gesi vya wakati huo. Altounyan aliukumbuka urubani wake. Alibuni kifaa kiitwacho Spinhaler, chenye rafadha ndogo mfano wa ile ya ndege. Kidonge cha poda kilitobolewa ndani yake, na mgonjwa alipovuta pumzi, rafadha ilizunguka na kuipeperusha poda hadi mapafuni bila kuhitaji gesi.

Kromoglaiketi haikumwokoa mgonjwa aliyekwisha kubanwa. Kazi yake ilikuwa kuzuia seli fulani za mwili zisimwage kemikali zinazowasha njia za hewa. Kwa hivyo ilimbidi mgonjwa aitumie kila siku, hata alipojihisi mzima.

Altounyan alifariki 1987, baada ya kusumbuliwa na maradhi ya mapafu kwa muda mrefu. Dawa yake imepitwa na steroidi za kuvuta, zilizoanza kuenea miaka ya 1970, lakini vifaa vya poda visivyotumia gesi vingali vinatumika kote duniani.

Somo kuu la maisha yake ni kinga. Mgonjwa wa Mbita au Macalder anayengoja abanwe ndipo aitafute dawa ya kupanua njia za hewa hupata nafuu ya saa chache tu, huku uvimbe ukiendelea mapafuni. Dawa ya kuzuia ndiyo humpunguzia safari za hospitalini usiku wa manane, mradi iwepo katika zahanati iliyo karibu naye na bei yake isimshinde. Nayo haiondoi haja ya kuepuka moshi na vumbi.