Ahmed Khalif na mashtaka yasiyo na kura

Kila mara minong'ono ya kumbandua rais inapozuka nchini, hujitokeza watu wenye hekima ya hesabu. Hutukumbusha kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 145, inadai hoja iungwe mkono na thuluthi moja ya wabunge kabla ya kujadiliwa, ipitishwe na thuluthi mbili yao, kisha thuluthi mbili ya maseneta wayathibitishe mashtaka. Yaani wabunge 233 kati ya 349, halafu maseneta 45 kati ya 67. Nao huuliza, kura hizo zitatoka wapi ilhali walio wengi wako upande wa serikali? Wakishauliza hivyo huona mjadala umekwisha.

Mimi naona ndipo unapoanza. Wala sina haja ya kwenda hadi Marekani, ambako maseneta walimwachilia Johnson mwaka 1868, Clinton mwaka 1999, na Trump mara mbili. Naenda Wajir, kwa marehemu Ahmed Khalif Mohamed.

Vijana wengi wa leo, iwapo wanalijua jina hilo, wanalijua kwa sababu ya kifo chake. Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyokuwa imewabeba mawaziri waliotoka kwenye sherehe ya Moody Awori huko Funyula ilianguka ilipokuwa ikipaa kutoka uwanja mdogo wa Busia. Khalif, aliyekuwa Waziri wa Kazi kwa muda usiotimia mwezi mmoja, alifariki. Serikali ya Kibaki ilikuwa changa mno, taifa likaomboleza, kisha likaendelea na shughuli zake. Nasikitika kwamba mtu wa namna yake akumbukwe kwa ajali tu.

Alizaliwa enzi za ukoloni, katika nchi ya wafugaji iliyoitwa Northern Frontier District, ambayo Mwingereza aliifunga hata mtu asiweze kuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, haukuufungua mlango huo. Vilizuka vita vya shifta vilivyodumu hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki Kaskazini Mashariki hata baada ya bunduki kunyamaza. Hazikuondolewa hadi 1991. Kwa hiyo Khalif alikulia, akasoma na kuingia siasa katika mkoa ambao askari alikuwa na mamlaka asiyokuwa nayo Nyeri wala Kakamega. Naomba msomaji ayakumbuke hayo, maana ndiyo yanayotoa uzito wa jambo alilolitenda baadaye.

Mwezi Februari 1984 Khalif alikuwa Mbunge wa Wajir Magharibi. Tarehe 10 ya mwezi huo vikosi vya usalama viliwazoa wanaume wa ukoo wa Degodia, mjini na manyattani, vikawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir. Sababu iliyotolewa ilikuwa kukusanya silaha na kukomesha ugomvi wa koo. Wanaume hao walivuliwa nguo, wakalazwa juani siku baada ya siku bila chakula wala maji. Wengine walikufa kwa kiu, wengine kwa kipigo, wengine kwa risasi walipojaribu kukimbia. Ilipofika tarehe 14, maiti zilikuwa zimetupwa porini. Mtaliano mmoja, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini, alikuwa miongoni mwa wachache waliotoka kwenda kuwaokota waliokuwa hai na kuwazika waliokufa. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya.

Mbunge alifanyaje? Tafakari Bunge lilivyokuwa. Tangu Juni 1982 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Kila aliyeketi katika ukumbi ule alikuwa mwana-KANU, na mtu akifukuzwa chamani alipoteza kiti. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilikuwa limewaacha wakubwa wakishuku hata vivuli vyao. Wabunge walikuwa hawajasahau jinsi Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walivyokamatwa mwaka 1975 katika majengo ya Bunge lenyewe na kuwekwa kizuizini, kwa maneno waliyoyasema ndani yake. Hapakuwa na kifungu cha 145. Katiba ya wakati huo ilijua kura ya kutokuwa na imani na serikali, lakini katika nyumba ya chama kimoja nani angethubutu hata kuitamka?

Khalif alisimama hata hivyo. Aliiuliza serikali juu ya Wagalla, akaja na majina ya waliouawa, akaishtaki mbele ya wenzake ambao hakuwa na tamaa ya kura zao. Naye hakuwa mgeni wa mambo, alijua hakuna waziri atakayejiuzulu wala afisa atakayepelekwa kortini. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe angetazamwa tangu siku hiyo kama mtu wa kuchungwa.

Serikali ikajibu kwamba waliokufa ni watu 57, na kwamba yalikuwa matokeo ya operesheni ya usalama. Basi. Ukitumia hesabu za wale wenye hekima, Khalif alishindwa. Tena mtu anaweza kudai kwamba alifanya vibaya zaidi kuliko kushindwa, kwa kuwa aliipa serikali nafasi ya kutoa jawabu rasmi lililosimama kama ukweli kwa miaka 16. Sikatai kwamba hoja hii ina nguvu. Ndiyo ile ile inayosemwa juu ya rais anayeshtakiwa na kuachiliwa, kwamba hutoka pale ameoshwa, akaitumia kura ya kuachiliwa kama cheti cha usafi.

Lakini hebu tuitazame ile 57 kwa makini. Kabla ya Khalif kusimama, kwa serikali hapakuwa na idadi yoyote. Palikuwa na kimya, na kimya hakikanushiki. Alipouliza, serikali ililazimika kuchagua uongo mmoja na kuuandikisha katika kumbukumbu za Bunge, na tangu siku hiyo uongo huo ukawa na tarehe, ukawa na msemaji, ukawa kitu ambacho mjane wa Wajir angeweza kukilinganisha na makaburi aliyoyajua. Mwezi Oktoba 2000, serikali ile ile ya KANU ilikiri hadharani kwamba vikosi vyake vilikosa. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikwenda Wajir kuwasikiliza walionusurika, na ripoti yake, iliyokabidhiwa rais Mei 2013, ilikadiria kuwa waliouawa walikaribia 1,000. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya dola kwa maovu ya serikali zilizotangulia. Sisemi kwamba yote hayo yalizaliwa na mtu mmoja. Walionusurika ndio waliobeba mzigo mkubwa zaidi. Nasema tu kwamba walipata pa kuanzia.

Khalif mwenyewe hakugeuka mtu wa Wagalla peke yake. Katika miaka ya 1990 alikuwa Katibu Mkuu wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, akizungumza kwa niaba ya waumini nchi nzima. Kiti cha Wajir Magharibi hakikuwa chake daima. Wapiga kura walikitoa kwa mwingine mwaka 1997, wakamrudishia Desemba 2002. Wala simfanyi malaika. Alikuwa mwanasiasa, na siasa za Wajir ni siasa za koo, zina mapatano ambayo hayaandikwi magazetini.

Mintarafu ya hilo, nataka nitofautishe. Siku hizi kubandua viongozi kumekuwa karibu mchezo wa kila msimu. Gavana wa Wajir aliondolewa na bunge la kaunti kisha Seneti mwaka 2021, na mvutano ukahamia mahakamani. Gavana wa Meru aliponea katika Seneti mwaka 2022 na 2023, akaondolewa 2024. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, alibanduliwa kwa kura 281 za wabunge, na Seneti ikakamilisha kazi. Kura zilikuwapo, tena kwa wingi, kwa sababu wenye nguvu walitaka ziwepo. Lakini mwananchi aliyefuatilia vikao vile alijifunza nini kipya kuhusu fedha zake? Hoja ya James Orengo ya kutokuwa na imani na serikali ya Moi, mwaka 1998, iliangushwa kwa urahisi, na bado naamini ililifaa taifa kuliko baadhi ya ushindi huu wa juzi, kwa kuwa iliwalazimu watetezi wa serikali kusimama na kuitetea kwa majina yao.

Kwa hiyo anayetaka kumshtaki rais bila kura, mimi simwulizi idadi ya marafiki zake Bungeni. Namwuliza amekuja na nini mkononi. Ikiwa ni hasira, au bei ya kujipandishia thamani kabla ya mapatano, heri aketi. Ikiwa ni majina, tarehe, na kiasi cha fedha kilichopotea, basi asimame hata akiwa peke yake.

Gharama yake si ndogo, nayo hailipwi na mshtaki peke yake. Hakuna afisa aliyehukumiwa kwa ajili ya Wagalla. Kufikia 2023, miaka 10 baada ya ripoti ya tume kukabidhiwa, Bunge lilikuwa bado halijaipitisha ili itekelezwe, na wajane kadha wa Wajir walikuwa wamekwisha kufa wakiingoja fidia. Jawabu la 57 lingali katika kumbukumbu za mwaka 1984, pamoja na maswali ya Mbunge wa Wajir Magharibi.