Meena Kumari: machozi yake hayakuwa ya sinema tu

Leo hatutaongea juu ya kontra wala juu ya mushahara. Tutaongea juu ya mwanamuke mumoja wa India, Meena Kumari, mwenye alikufa mwaka 1972. Wengi kati yetu tulikomaa na filme za Wahindi: televizyo moja, kaseti moja, na kartier muzima umekaa chini. Hatukusikia luga yao, lakini tulielewa yote. Ba mama walikuwa wanalia waziwazi, na sisi wanaume tulikuwa tunajifanya sawa vile vumbi imeingia mu macho. Mu filme hizo, kuko mambo yenye yanarudi kila mara: mutu anapenda, na ule mwenye anapendwa hamurudishie upendo. Hakuna mutu mwenye alichezaka mambo hayo kumupita Meena Kumari. Na maisha yake mwenyewe ilikuja kufanana na filme zake.

Alizaliwa tarehe 1/8/1933 mu muji wa Bombay, wenye leo wanaita Mumbai. Wazazi walimupatia jina Mahjabeen Bano. Baba yake, Ali Bux, alikuwa mupiga muziki wa tiyatre. Mama yake, Iqbal Begum, alikuwa muchezaji. Walikuwa maskini. Watu wanaelezea kama baba alikuwa anangojea mutoto mwanaume, na wakati binti alizaliwa hakukuwa hata falanga za kulipa munganga. Basi baba akamubeba, akamuacha kwenye nyumba ya watoto yatima. Kisha roho ikamuuma, akarudia kumukamata.

Alipokuwa na miaka karibu 4, wakamupeleka studio. Vijay Bhatt, mutengenezaji wa filme, alimuchezesha mu filme yake yenye ilitoka mwaka 1939. Wakamuita Baby Meena. Inasemekana kama siku ya kwanza walimulipa rupia 25. Tangu pale, mutoto huyo njo alikuwa analisha nyumba. Wenzake walienda masomo, yeye alienda kazi. Alikuwa anapenda sana kusoma, lakini alisoma nyumbani, katikati ya kazi na kazi. Sisi wenye tunaona watoto wakisafisha mawe mu mito ya Katanga, hatuna lazima ya kuelezewa sana. Mutoto mwenye anabeba nyumba kwa mabega yake anaweza kufikiri kama watu wanamupenda juu ya makuta yenye analeta. Na pengine anatafuta maisha yake yote mutu mwenye atamupenda bure.

Mama yake alikufa mwaka 1947. Mu mwezi wa tano wa 1951, Meena alikuwa na miaka 17, motokari ikapata aksida wakati alikuwa anarudia Bombay. Mukono wa kushoto uliumia vibaya, na kidole cha mwisho hakikurudia tena vile kilikuwa. Alikaa lopitalo miezi mingi. Mutazame vizuri filme zake: mukono wa kushoto unakaa chini ya kitambaa, ao nyuma ya mugongo, ao kamera inapita upande mwingine. Miaka 20 alifanya kazi mbele ya macho ya inchi nzima, na watu wengi hawakujua. Kati yetu kuko wandugu wenye waliacha vidole mu machine. Wanajua namna mutu anaficha mukono siku ya kupiga foto ya ndoa.

Ni kwenye kitanda cha lopitalo njo upendo ulimukuta. Kamal Amrohi, mwandishi na mutengenezaji wa filme, alikuwa anakuja kumutembelea, na wakaandikiana barua. Alikuwa mwanaume wa miaka 34, mwenye bibi na watoto. Tarehe 14/2/1952 wakaoana kwa siri. Wakati baba ya Meena alijua, alikasirika sana, juu binti yule alikuwa bado analisha nyumba yake. Kisha Meena akatoka kwa baba na kwenda kukaa kwa bwana yake.

Mwaka ule wa 1952 filme Baiju Bawra ilitoka, na jina lake likapanda. Mu filme hiyo, wapenzi wawili wanakufa pamoja mu maji ya muto. Wakati zawadi za Filmfare zilianza mwaka 1954, yeye njo alikuwa mwanamuke wa kwanza kupata zawadi ya muchezaji bora. Mwaka wenye ulifuata akapata tena, juu ya filme Parineeta. Kwa jumla aliipata mara 4.

Nyumbani mambo hayakuenda sawa vile mu barua. Watu wenye waliandika maisha yake wanasema bwana alimuwekea masharti: kurudia nyumbani kila mangaribi kwa saa yenye imepangwa, kupanda motokari yake mwenyewe tu, na mwanaume yeyote asiingie mu chumba chake cha kujipamba. Mwanamuke mwenye alitumika tangu miaka 4 sasa alikuwa na msimamizi kazini na msimamizi mwingine nyumbani. Hawakuzaa mutoto. Alikuwa anaandika mashairi usiku kwa luga ya Urdu, na jina la Naaz. Usingizi ukamukimbia. Inasemekana munganga alimushauri kunywa brandy kidogo sana ili alale. Kidogo ile haikubakia kidogo.

Hapa tunafika kwenye filme yenye tunaomba kila mutu aione, Sahib Bibi Aur Ghulam, ya mwaka 1962. Guru Dutt njo aliitosha, na Abrar Alvi akaiongoza, kufuata kitabu cha Bimal Mitra. Mambo yanatokea Calcutta, mu nyumba kubwa ya mabwana wa mashamba wenye utajiri wao unaoza. Meena anacheza Chhoti Bahu, bibi ya ndugu mudogo wa nyumba ile. Anapenda bwana yake kwa roho yote. Bwana, yeye, kila usiku anaenda kwa wanawake wenye kucheza na kuimba, na anarudia asubui amelewa. Bibi anajaribu yote. Anatuma kijana mutumishi, Bhootnath, amuletee poda nyekundu ya kichwa yenye wanasema inafunga roho ya mwanaume. Haifanye kitu. Mwishowe bwana anakubali kubakia nyumbani kama bibi atakunywa pamoja naye. Chhoti Bahu, mwanamuke wa dini, anashika kikombe. Anakunywa juu ya upendo. Halafu bwana anamuchoka, anarudia njia yake ya zamani, na bibi anabakia na pombe tu. Filme inaisha vibaya sana: anauawa, na miaka kisha ile wanavumbua mifupa yake mu matongo ya nyumba.

Wakati watu wa India waliona filme ile, wengi walijua kama muchezaji hakuwa anacheza yote. Mwaka 1963, zawadi ya Filmfare ya muchezaji mwanamuke ilikuwa na majina 3 ya kushindana, na yote 3 yalikuwa yake, kwa filme 3 za mbalimbali. Alishinda na Chhoti Bahu. Alikuwa amefika kilele cha kazi yake, na kila usiku alikuwa anakunywa.

Mwaka 1964 akatoka kwa Kamal Amrohi. Magazeti yakaandika majina ya wanaume wengine. Sisi hatuyarudilie, juu mambo ya chumba cha mutu si habari ya kuuzisha. Kintu chenye kinaonekana ni kwamba hakupata mwenye kubakia. Mwaka 1968 waganga wakavumbua kama maini yake imeharibika. Akaenda kutunzwa London na Uswisi. Alirudia, na akaendelea na kazi, juu hakujua maisha bila kazi.

Ilibakia filme moja. Yeye na Amrohi walikuwa wameota Pakeezah tangu mwaka 1956: habari ya mwanamuke muchezaji wa nyumba za mabwana, Sahibjaan, mwenye anataka tu kupendwa sawa mutu. Kutengana kwao kulisimamisha kazi. Wakati ilingojea, mupiga picha wao, Mudachi Josef Wirsching, akakufa, na mutungaji wa muziki, Ghulam Mohammed, naye akakufa. Mwaka 1969 Meena akakubali kurudia mbele ya kamera ya mwanaume mwenye aliachana naye. Alikuwa mugonjwa hata kusimama ilikuwa shida. Mu michezo mingine ya dansi, muchezaji mwenzake Padma Khanna alicheza pahali pake, uso umefunikwa. Lakini macho ni yake. Alimaliza kazi yenye alikuwa ameanza.

Pakeezah ilitoka Bombay tarehe 4/2/1972. Mu siku za kwanza watu hawakujaa sana. Tarehe 31/3/1972 Meena Kumari akakufa, na miaka 38 tu. Kisha kifo chake watu wakajaa mu sinema, foleni mupaka inje, na filme ikaendelea kuonyeshwa wiki kwa wiki. Mwanamuke mwenye alitafuta upendo maisha muzima, inchi nzima ilimuletea upendo ule wakati hakuwa tena wa kuupokea. Walimuzika Mazgaon, Bombay. Wakati Kamal Amrohi naye alikufa mwaka 1993, walimuzika pembeni yake.

Kwa nini sendika inaelezea mambo haya? Juu siku za paie tunajua nyumba gani itakuwa na kelele usiku. Tunajua ba mama wenye wanangojea mupaka asubui, na wengine wenye walianza kukamata chupa ili wasibakie peke yao. Mu mikutano tunasema hayo ni mambo ya nyumba, na tunapita. Tunahesabu vidole vyenye vimekatika, hatuhesabu maini. Tunakosea. Siku yenye mutaona Chhoti Bahu anashika kikombe chake cha kwanza, muangalie pembeni yenu, nani amekaa pale, na muulize anaendelea namna gani. Musingojee kilio ili mujaze uwanja wake.