Gram Parsons: walimsifia, hawakununua

Wadau, leo tumkumbuke mshikaji mmoja. Huku kwetu ukitaja country watu watakwambia Kenny Rogers, Jim Reeves, Dolly Parton, basi. Huyu ni Gram Parsons, Mmarekani, alizaliwa Florida tarehe 5 Novemba 1946, akafa ana miaka 26 tu.

Kwao pesa ilikuwepo, ukoo wa mama yake ulikuwa na mashamba makubwa ya machungwa. Haikusaidia kitu. Baba alijiua mwaka 1958. Mama naye pombe ikamwondoa mwaka 1965, siku ileile kijana anamaliza sekondari. Akapelekwa Harvard, hakumaliza hata mwaka, akarudi kwenye gitaa.

Mwaka 1968 akaingia The Byrds, bendi kubwa ya rock, akawavuta wapige country. Hakukaa sana. Bendi ilipotaka kwenda kupiga Afrika Kusini ya makaburu akagoma, akabaki London. Wapo wanaosema alitaka tu kukaa na rafiki yake Keith Richards wa Rolling Stones. Inawezekana, ila mimi nampa maksi zake: wenzake walikwenda, yeye hakwenda.

Sasa ndo tunafika kwenye albamu yenyewe. Yeye na Chris Hillman, naye katoka Byrds, wakaanzisha The Flying Burrito Brothers, na mwaka 1969 wakatoa The Gilded Palace of Sin. Ni country, lakini ndani yake kuna rock na soul ya watu weusi. Sneaky Pete Kleinow alilipitisha gitaa lake la stili kwenye mashine ya kukwaruza sauti, likawa linanguruma. Na picha ya kava sasa! Suti za kicountry kabisa, halafu ya Gram imedariziwa majani ya bangi na vidonge.

Jarida la Rolling Stone likaisifia sana. Sokoni? Namba 164 kwenye chati ya Billboard, ikaishia hapo. Wapenzi wa country waliona wahuni wenye nywele ndefu, na vijana wa rock waliona country ni muziki wa wazee wanaoshabikia vita ya Vietnam. Tusimtetee sana lakini. Gram mwenyewe alikuwa anakuja kwenye shoo kalewa, mpaka mwaka 1970 Hillman akamfukuza.

Akatoa albamu yake, GP, mwaka 1973, akiimba na Emmylou Harris. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, morphine na pombe vikammaliza kwenye moteli huko Joshua Tree, California. Rafiki zake wawili wakaiba maiti uwanja wa ndege wa Los Angeles, wakaenda kuichoma jangwani kama alivyotaka. Walipigwa faini kwa kosa la kuiba jeneza!

Miaka ya 1990 zikaja Uncle Tupelo na Wilco, watu wakaanza kuita muziki huo alternative country, na wahakiki wakairudia ile albamu iliyododa. Mwaka 2003 Rolling Stone wakaiweka kwenye albamu 500 bora za wakati wote.

Haya, tupieni maoni: Keith Richards asingekuwepo London, Gram angegoma kwenda kwa makaburu?