Denis Burkitt: Daktari Aliyeifuata Saratani kwa Gari Kuukuu

Mtaa wa Olympic, Kibera, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo saratani iitwayo limfoma ya Burkitt huwa haba. Hata hivyo, watoto wanaougua maradhi hayo huletwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, isiyo mbali na mtaa huo, kutoka kando ya Ziwa Viktoria na Pwani. Mzazi mwenye jamaa Olympic hulala kwake, akaenda hospitalini asubuhi. Makala haya yanamhusu marehemu Denis Burkitt, ambaye jina lake ndilo lililopewa ugonjwa huo.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho la kulia. Alihitimu udaktari Dublin mwaka 1935, akawa mpasuaji, na mwaka 1946 akaajiriwa Uganda, kwanza Lira, kisha Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 alionyeshwa Mulago mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja mwenye dalili zizo hizo. Wengine wangeyapuuza, yeye alianza kuuliza. Alituma barua kwa hospitali nyingi, akaweka alama kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu takriban maili 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika. Ilibainika kuwa ugonjwa huo hufuata joto, mvua na nyanda za chini, palepale penye malaria nyingi. Mwaka uo huo alihutubia London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein na wenzake walitangaza virusi walivyovikuta katika uvimbe huo.

Jijini Nairobi, Peter Clifford alikuwa akiwatibu watoto kwa dawa na kushirikiana na Eva na George Klein wa Stockholm, Uswidi. Mwaka 1967 seli za kijana wa miaka 16 zilianza kukuzwa maabarani, zikaitwa Daudi. Hadi leo watafiti huzitumia kupima iwapo kinga ya mwili yaweza kuchagua seli mbaya na kuziangamiza.

Dawa ya rituksimabu huonyesha namna jambo hilo linavyowezekana. Ni kingamwili iliyotengenezwa ili inate kwenye alama iitwayo CD20, iliyo juu ya seli B. Ikishanata, askari wa mwili huitambua seli hiyo kuwa adui na kuiua. Seli B zenye afya huangamia pia, lakini seli shina zinazozizalisha hazina alama hiyo, kwa hiyo nyingine huzaliwa baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu watoto wenye limfoma kali za aina hii, wengi wao wakiwa na ya Burkitt, ulionyesha kuwa baada ya miaka 3 asilimia 95 ya waliopewa rituksimabu pamoja na kemotherapi walikuwa hai, ilhali kwa waliopewa kemotherapi pekee walikuwa asilimia 87.

Burkitt hakuiona dawa hiyo ikiidhinishwa Marekani mwaka 1997. Aliondoka Uganda mwaka 1966, akapata sifa nyingine kwa kuhimiza ulaji wa nyuzinyuzi, akafariki mwaka 1993.

Deni lingalipo. Elimu hii ilichipuka katika miili ya watoto wa Afrika Mashariki, lakini tiba za aina hii bado ni ghali kwa wazazi wengi wa huku. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kupunguza bei. Twaweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba mama anayetoka Olympic alfajiri, akiambiwa neno kingamwili wodini, analielewa kiasi cha kuweza kuuliza, kama Burkitt alivyouliza.