Tom Mboya na Nauli ya Kwenda Chuo Kikuu

Wengi wanalijua jina la Tom Mboya kwa sababu ya siasa na vyama vya wafanyakazi. Sisi tulio shuleni tunalo jambo jingine la kumjulia: mtu huyu, aliyewasaidia mamia ya vijana wa Afrika ya Mashariki kufika chuo kikuu, yeye mwenyewe aliacha shule kwa kukosa karo.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika katika Kenya, kwenye shamba la mkonge la mzungu. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mtu wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, na hapo shambani alikuwa nyapara. Mshahara ulikuwa mdogo na watoto walikuwa wengi. Tom alisoma kwanza katika shule ya misioni ya Kabaa, katika nchi ya Wakamba, kisha Yala huko Nyanza, na mwaka 1946 akaingia shule ya Holy Ghost, Mang'u. Alifaulu vizuri hata angaliweza kuendelea mpaka cheti cha Cambridge, lakini fedha ya baba ilikuwa imekwisha, na wadogo zake walikuwa wakingoja zamu yao. Basi akatafuta masomo yasiyodai karo. Mwaka 1948 akaingia chuo cha mabwana afya, akahitimu mwaka 1950, akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi. Kazi ilikuwa ile ile waliyoifanya mabwana afya wazungu. Mshahara haukuwa ule ule.

Jambo hilo la mshahara lilimsukuma katika vyama vya wafanyakazi. Sitalieleza sana, maana vitabu vya historia vimelieleza vya kutosha. Mwaka 1953, naye ana miaka 23, alikwisha kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya. Mwaka 1955 alipata msaada wa kusoma mwaka mmoja katika Ruskin College, mjini Oxford, chuo kilichowekwa kwa ajili ya watu wazima waliofanya kazi bila kupata elimu ya juu. Mwaka huo mmoja ndio masomo yote ya juu aliyoyapata.

Katika mwaka 1956 alitembelea Marekani akitoa hotuba, na huko akafanya urafiki na mfanyabiashara William Scheinman. Bwana huyo akaanza kuwalipia nauli vijana wachache walioitwa na vyuo vya huko. Hapo Mboya aliona vizuri mahali mlango ulipofungwa.

Siku zile kijana wa Afrika ya Mashariki aliyetaka digrii bila kuvuka bahari alikuwa na Makerere peke yake, na nafasi za Makerere zilikuwa chache kwa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja pamoja. Vyuo vingi vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea Waafrika na kuwasamehe karo. Lakini barua ya kusamehewa karo haimvushi mtu bahari. Kijana aliiweka sandukuni, mwaka ukapita, na nafasi ikaenda kwa mwingine.

Alichofanya Mboya ni kuligawa deni. Wengine waliitazama gharama ya chuo kikuu kama mlima mmoja; yeye aliihesabu fungu kwa fungu, akatafuta mwenyewe wa kila fungu. Karo aliviomba vyuo, na katika safari yake ya mwaka 1959 alizunguka Marekani akikusanya ahadi. Nauli aliiona kuwa ni kubwa mno kwa mtu mmoja mmoja, lakini ndege nzima ikikodiwa, kila abiria hugharimu kidogo. Wamarekani mashuhuri, kama Jackie Robinson mcheza besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mcheza sinema, wakatia sahihi barua ya kuwaomba watu wachange. Fungu la tatu, yaani nguo, matumizi na chakula cha siku za mwanzo, aliwaachia wenyewe nyumbani: jamaa na vijiji vizima walifanya karamu za chai na ngoma ili kumchangia mtoto wao. Na lililobaki alilimaliza mwanafunzi mwenyewe kwa kuosha sahani jikoni mwa chuo. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ilifika New York, na ndani yake vijana 81.

Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Maofisa walisema vyuo vingine vya Marekani ni duni na vijana wataishiwa na fedha ugenini. Kwa maoni yangu hawakukosea kabisa: vyuo havikuwa sawa, na wako wanafunzi waliofikwa na shida ya fedha wakabidi kusaidiwa tena. Ila waliosema hivyo hawakuwa na nafasi nyingine ya kuwapa vijana wale.

Mwaka 1960 waliokuwa wakingoja walikuwa wengi zaidi, na safari hii hawakuwa wa Kenya tu. Walikuwamo wa Uganda, Tanganyika, Unguja na nchi za kusini. Fedha ya nauli haikuwapo. Mwezi wa Julai Mboya alimwendea John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na mfuko wa hisani wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Katika msafara wa mwaka huo alikuwamo msichana wa Nyeri aliyekwenda Kansas. Ndiye Wangari Maathai, aliyepata tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2004. Hata kufika mwaka 1963 vijana waliosafirishwa walikaribia 800.

Kijana wa Arua au Koboko leo hana haja ya ndege. Chuo Kikuu cha Muni kiko hapa hapa karibu na mji wa Arua. Nafasi nyingine za udhamini wa serikali hugawiwa kwa wilaya, na tangu mwaka 2014 iko mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa elimu ya juu. Hata hivyo hesabu ya mafungu ingali ile ile. Mkopo huo hulipa karo na ada za chuo, nao hurudishwa baada ya kuhitimu. Chumba, chakula na basi la Kampala, karibu kilometa 500, havimo. Wazee wa shule hii waliokwisha kupata kazi wajue kwamba fungu linalokosa mwenyewe mara nyingi ndilo lile dogo.

Kenya ilipopata uhuru Mboya alikuwa waziri, na tangu mwaka 1964 alishika uchumi na mipango ya maendeleo. Mkewe, Pamela Odede, naye alikuwa amesoma Makerere na kisha Marekani. Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi, alipokuwa akitoka katika duka la dawa mjini Nairobi, alipigwa risasi akafa, hajatimiza miaka 39. Alizikwa kisiwani Rusinga. Wakati huo wengi wa vijana wa zile ndege walikuwa wamekwisha kurudi, wakifanya kazi katika ofisi za serikali na kufundisha katika madarasa ya Kenya.