Ahmad bin Majid: Simba wa Bahari Aliyesingiziwa



Bila shaka umewahi kulisikia jina la Ahmad bin Majid. Na mara nyingi ukilisikia, unalisikia kwa ubaya: eti ndiye Mwarabu aliyempeleka Vasco da Gama mpaka Bara Hindi, akawafungulia Wareno mlango wa bahari yetu. Wengine huzidisha, wakasema alileweshwa kwanza ndipo akatoa siri. Hadithi hii imesomeshwa madarasani, imo vitabuni, na barazani hapa Mji wa Kale haikosi wa kuihadithia. Sasa mwezi huu ambao ulimi nao unafunga, hebu tumtizame mtu huyu alikuwa nani, halafu tuulize habari yenyewe imetoka wapi.

Alizaliwa katika miaka ya 1430 huko Julfar, mji wa pwani ambao leo ni Ras al-Khaimah. Ubaharia aliukuta nyumbani. Babu yake alikuwa maalim wa chombo, na baba yake pia, naye aliandika shairi refu la kuelekeza vyombo katika Bahari ya Sham, bahari mbaya kwa miamba. Zingatia hilo neno maalim. Chomboni nahodha ni mkubwa wa safari, lakini maalim ndiye mwenye elimu ya nyota, pepo na bandari. Mwenye elimu ya bahari aliitwa mwalimu, kama yule wa chuoni.

Ibn Majid alisoma vitabu vya mabaharia watatu wa kale waliosifiwa kuwa ni simba, akawaheshimu, lakini akasema wazi kwamba walikusanya maneno ya watu zaidi kuliko kujaribu wenyewe. Yeye akajiita simba wa nne. Majivuno? Labda kidogo. Lakini mwaka 1462 alikuwa tayari ametunga kitabu kizima cha elimu ya bahari kwa mashairi, na karibu na mwaka 1490 akamaliza kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawaid, chenye milango 12. Mlango wa 11 ni wa misimu ya safari, nao ndio unaotuhusu sana sisi watu wa Mombasa.

Manake pepo alizoziandika ndizo hizi zetu. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba mpaka Machi, nayo ndiyo iliyokuwa ikijaza majahazi bandari yetu ya kale, yamebeba tende na mazulia kutoka Ghuba. Kusi huingia Aprili na kuendelea mpaka Septemba, ikayarudisha na boriti. Siri yake ni joto. Wakati wa baridi bara la Asia hupoa, hewa yake ikawa nzito, ikasukumwa baharini kuja kwetu. Kiangazi bara lile huwaka, hewa ikapanda juu, na upepo wa huku kusini ukavutwa kwenda kujaza nafasi. Ukivuka ikweta, mzunguko wa dunia huupinda kuelekea kulia. Ndiyo kusi inayotupiga Mombasa ikitoka upande wa kusini-mashariki, lakini mbele ya Socotra imegeuka inatoka kusini-magharibi.

Na lugha yenyewe ni shahidi. Musimu ni mausim ya Waarabu, na Wazungu nao wakalichukua neno hilohilo kwa pepo hizi. Upepo anaouita kaus sisi tunauita kusi. Mwisho wa kusi anauita damani; sisi tunasema demani.

Sasa elimu iko wapi hapo, kama kila mvuvi anazijua? Elimu iko kwenye tarehe. Aliyetaka kwenda Bara Hindi kutoka pwani hii ilimpasa atoke na kusi changa, afike kabla ya Juni kuchafuka, au angoje demani. Katikati, kwa kiasi cha miezi mitatu, bandari za magharibi ya Hindi hazikuingilika, na mabaharia wakisema bahari imefungwa. Ukichelewa wiki mbili si mchezo, unaweza kupoteza mwaka mzima, au chombo na roho zilizomo.

Na tarehe hizo huwezi kuzihesabu kwa miezi yetu ya Hijria. Wewe mwenyewe wajua: Ramadhan hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, mara twafunga kwenye kaskazi, mara kwenye masika. Kwa hivyo Ibn Majid alihesabu siku tangu Nairuzi, yaani mwaka wa jua. Wazee wetu walifanya vivyo hivyo kwa siku ya mwaka na miongo yake ya siku kumi kumi. Mwezi kwa ibada, jua kwa safari na kilimo, wala hawakuona mgongano wowote.

Usiku alipima urefu wa nyota kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, uzi ukashikwa kwa meno, na kipimo kikahesabiwa kwa vidole. Kaskazini huko walipima nyota ya Jah, ile isiyohama. Lakini Mombasa tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta, Jah haionekani tena. Basi akaeleza nyota nyingine za kupimia, na katika shairi lake la Sofala akaifuata pwani yetu mpaka mwisho wake.

Siku hizi setilaiti huona upepo kabla haujafika, na Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mawimbi kwa wavuvi. Hata hivyo kalenda ile haijachakaa. Vimbunga vya Bahari ya Arabu bado hupenda kuzuka mwanzo na mwisho wa kusi. Gonu iliipiga Oman Juni 2007. Sisi tuko karibu mno na ikweta, ambako upepo haupindwi vya kutosha ukawa kimbunga, ingawa Mei 2024 Hidaya ilifika mpaka Mafia, si mbali sana.

Jambo moja zaidi kabla hatujaingia kwenye tuhuma. Katika Fawaid anamuusia maalim apande chomboni akiwa tahara, kwani yeye ni mgeni wa Muumba. Awe mpole, mwenye subira, asimdhulumu mtu. Huyo ndiye anayeambiwa aliuza bahari kwa kikombe cha ulevi.

Nani kasema? Ni Qutbuddin an-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, aliyeandika katika miaka ya 1570, zaidi ya miaka 70 baada ya tukio. Hakuwako. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gabriel Ferrand akaitilia nguvu habari hiyo, ikaenea duniani. Lakini Wareno wenyewe, waliokuwemo chomboni na walioandika baada yao, hawamtaji kabisa. Barros anasema rubani alikuwa Mwislamu wa Gujarat, akimwita Malemo Cana. Malemo ni maalim tu, cheo, si jina. Na mtu wa Julfar hawi Mgujarati. Watafiti kama Tibbetts wameikataa hadithi hii, na mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan Al-Qasimi, akaandika kitabu kizima kumtetea. Sisi tuliosoma Surat al-Hujurat tulipaswa kuwa wa kwanza kuuliza.

Tena hapakuwa na siri ya kuuza. Wafanyabiashara wa Gujarat walikuwako Malindi, na njia wakiijua. Da Gama alifika nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Watu wetu wakajaribu usiku kumkatia kamba za nanga, akaondoka tarehe 13. Malindi, mahasimu wa Mombasa, wakampokea. Hata hivyo rubani alichelewa, mpaka Da Gama akamzuilia chomboni mtu wa karibu wa Sultani ndipo akaletewa. Akatweka tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa changa, na tarehe 20 Mei alikuwa mbele ya Calicut.

Sasa tizama kurudi kwake. Aligombana na wenyeji, akatoka Calicut mwisho wa Agosti. Mwanzoni mwa Oktoba akaingia bahari kuu kabla kaskazi haijasimama. Safari iliyomchukua siku 26 kwenda ikamchukua takriban miezi mitatu kurudi, mara shwari, mara upepo wa mbele, na watu kama 30 wakafa kwa ugonjwa wa fizi. Waliiona nchi kavu upande wa Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Mwezi huohuo, kusini ya Mombasa, wakaichoma moto São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha vyombo vitatu.