Williamina Fleming: Mtumishi wa Nyumbani Aliyeona Farasi Angani

Leo nawaletea habari za mama aliyetoka jikoni akaenda kuchunguza nyota. Si hekaya za Abunuwasi hizi, ni kweli tupu.

Williamina alizaliwa Dundee, Uskoti, mwaka wa 1857. Akiwa na miaka 14 tu alikuwa keshaanza kufundisha wenzake. Mwaka wa 1878 alihamia Boston, Marekani, pamoja na mumewe. Mume yule akamtoroka naye ni mja mzito! Afanyeje? Akaingia kazi ya nyumbani kwa Profesa Edward Pickering, mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard. Kufikia 1881 profesa alikuwa amemwajiri kituoni kwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kukagua picha za anga zilizopigwa kwenye vioo. Mwaka wa 1888, katika picha ya kundi la Orioni, aliona pengo jeusi karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari, ambazo hata sisi huziona Januari jioni. Baadaye watu wakaliita Kichwa cha Farasi.

Sasa sikilizeni maajabu yake. Nyuma ya kichwa hicho kuna gesi ya haidrojeni, na karibu nayo ziko nyota changa zenye joto jingi mno, Sigma Orionis. Mionzi yao ya urujuanimno huzing'oa elektroni kutoka kwa haidrojeni. Zikirudi, gesi hutoa mwanga mwekundu. Kichwa chenyewe ni wingu zito la vumbi lililokaa mbele, likaziba mwanga kama mtu aliyesimama mbele ya taa. Tena mionzi ile ile inalila vumbi hilo polepole, kama mawimbi yanavyolila jabali. Kumbe nyota hizo ni taa, na ni patasi pia.

Lakini orodha ya nebula ya mwaka wa 1895 iliandika jina la Pickering peke yake. Mimi hapo nilikasirika kweli. Hata mshahara ulimuuma: mwaka wa 1900 alilipwa dola 1,500, ilhali wasaidizi wanaume walipata 2,500, na yeye alikuwa na mtoto wa kusomesha.

Orodha ya 1908 ilimtaja kwa mambo aliyogundua baadaye. Farasi hakurudishiwa. Alifariki Boston mwaka wa 1911 kwa ugonjwa wa mapafu.